Anwani tupu, JavaScript au SDK: uombe vipi tangazo la simu?

Muulize fundi yeyote wa tovuti hapa Dar namna ya kuweka matangazo, atakupa kipande cha JavaScript ubandike kwenye ukurasa. Ukiwa na aplikesheni, atakwambia uweke SDK, yaani kifurushi cha msimbo kinachoingizwa ndani ya aplikesheni. Majibu hayo si mabaya, na kwa watu fulani ndiyo yenyewe. Ila ipo njia nyingine, kongwe na nyepesi kuliko zote: kuiomba seva ya matangazo picha kwa anwani ya kawaida ya wavuti, kama kivinjari kinavyoomba picha nyingine yoyote. Njia hii inadharauliwa mno, na inaniuma, kwa sababu ingewafaa sana wenye tovuti ndogo wanaojitafutia wateja wenyewe Kariakoo, Gerezani au Mwenge, huku wasomaji wao wakihesabu MB zilizobaki kwenye bando.

Haimfai kila mtu. Yapo mambo mawili ya kujibu kabla hujagusa msimbo wowote: nani anakulipa, na tangazo litatokea wapi. Mwenye tovuti ya ajira aliyeliuzia duka la spea bango la mwezi mmoja ana mahitaji tofauti kabisa na mwenye mchezo wa simu anayetegemea mnada wa Google, ambako wanunuzi hushindania kila nafasi, umletee matangazo kutoka popote duniani.

Anwani mbili, namba moja

Kwa njia ya anwani tupu, kila nafasi ya tangazo inahitaji anwani mbili. Ya kwanza inaleta picha, ya pili inampeleka msomaji kwa mwenye tangazo akiligusa. Kwenye Google Ad Manager, seva ya matangazo ya Google, zinakaa hivi:

`<a href="https://pubads.g.doubleclick.net/gampad/jump?iu=/NAMBA/ajira/juu&sz=320x50&c=48210577">`
`<img src="https://pubads.g.doubleclick.net/gampad/ad?iu=/NAMBA/ajira/juu&sz=320x50&c=48210577" width="320" height="50" alt="Tangazo"></a>`

Zisome polepole. Neno `ad` ni ombi la picha, `jump` ni safari ya aliyegusa. `iu` ni jina la nafasi: inaanza namba ya akaunti yako, linafuata jina ulilolisajili kwenye seva. `sz` ni ukubwa. Halafu kuna `c`, namba ya kubahatisha inayobadilika kila ukurasa unapofunguliwa, na hiyo ndiyo roho ya mpango mzima. Seva ikipokea ombi la kwanza inachagua tangazo, inashika kwamba ombi lenye namba 48210577 limepewa bango la spea, kisha inaielekeza simu kwenye faili la picha. Msomaji akigusa, namba ileile ndiyo inayoiwezesha seva kumpeleka kwenye duka la spea na si kwa mteja mwingine uliyemuuzia nafasi hiyohiyo. Kama una nafasi mbili zenye jina moja na ukubwa mmoja ndani ya ukurasa, unaongeza `tile=1` kwenye jozi moja na `tile=2` kwenye nyingine ili zisichanganyane.

Mtindo huu haukuanza jana. DoubleClick, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ilikuwa na anwani za `/ad/` na `/jump/` zenye vipengele vilivyotenganishwa kwa nukta mkato, na namba ya kubahatisha ikiitwa `ord`. Google ilikamilisha kuinunua mwaka 2008, na mwaka 2018 huduma zake za wenye tovuti zikapewa jina la Google Ad Manager. Enzi ambazo simu nyingi hazikujua JavaScript ni nini, hii ndiyo njia iliyofikisha mabango kwenye vioo vidogo.

Revive Adserver, programu huria unayoweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe yenye PHP, inafanya kazi hiyohiyo kwa majina mengine. Picha inaombwa kwa `avw.php` ikiwa na `zoneid`, na mguso unapita kwa `ck.php`. Tofauti yake ni kwamba imegawa kazi za ile namba: `cb` inazuia picha ya zamani isirudiwe kutoka kwenye akiba ya simu, na `n` inaunganisha picha na mguso. Muungano huo unategemea kidakuzi (cookie), yaani alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari. Hapo pana mtego ambao watu wengi hawauoni: Safari, kivinjari cha Apple, inazuia vidakuzi vya tovuti ngeni tangu 2020, hivyo Revive ikikaa kwenye jina tofauti la tovuti, miguso ya watu wa iPhone inaweza kupotea njiani. Iweke kwenye tawi la jina la tovuti yako mwenyewe (subdomain), na tatizo linaondoka.

JavaScript inaongeza nini

Msimbo wa Google uitwao GPT (Google Publisher Tag) hauleti picha moja kwa moja. Unaleta kwanza maktaba ya `gpt.js`, maktaba hiyo inasajili nafasi zote za ukurasa, inaomba matangazo yake, inatengeneza fremu kwa kila nafasi, na ndani ya fremu tangazo linaweza kuwa picha, video, HTML au msimbo mwingine unaoita seva nyingine. Faida zake ni za kweli. Nafasi isiyopata tangazo inaweza kukunjwa ili ukurasa usibaki na tundu. Ukubwa wa bango unaweza kubadilika kulingana na upana wa kioo. Unaweza kuahirisha tangazo la chini mpaka msomaji alikaribie. Unapata pia kipimo cha kama tangazo lilionekana kweli: kwa kigezo cha Media Rating Council ya Marekani, bango la kawaida linahesabiwa limeonekana pale angalau nusu ya eneo lake inapokaa kwenye kioo kwa sekunde moja mfululizo. Anwani tupu haiwezi kukwambia hilo. Inachojua ni kwamba picha iliombwa.

Kubwa zaidi ni pesa za mnada. Matangazo yanayonunuliwa papo kwa papo, wanunuzi wakishindana kwa kila msomaji anayefungua ukurasa, yanahitaji JavaScript kwenye tovuti au SDK kwenye aplikesheni. Anwani ya `/ad` inabeba picha tu. Kwa hiyo kama mpango wako ni kuiachia Google ikutafutie matangazo, usipoteze muda na anwani tupu. Chukua JavaScript na uendelee na kazi.

Lakini huo mnada nao upime kwa kipimo cha hapa. AdSense na AdMob, huduma za Google za matangazo ya tovuti na ya aplikesheni, zinataka salio lifike dola 100 ndipo zilipe. Tovuti ndogo ya Kiswahili inaweza kungoja miezi kufikia hapo. Mwenye duka la vigae uliyekubaliana naye uso kwa uso anakulipa kwa simu siku bango linapopanda, na anataka vitu viwili tu: bango lake litoke, na mwisho wa mwezi aone hesabu inayoeleweka. Mteja wa namna hiyo hana haja na maktaba nzima ya JavaScript.

Uzito

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mwongozo wa mwaka 2017 wa IAB, chama cha sekta ya matangazo ya mtandaoni, unataka bango la 320 kwa 50 lisizidi kilobaiti 50 linapofunguka, na la 300 kwa 250 lisizidi 150. Ukilitengeneza vizuri, bango dogo la picha halifiki hata hapo. Kwa anwani tupu, msomaji anapakua picha hiyo na maelekezo mafupi ya njia, basi. Kwa JavaScript anapakua maktaba, ombi, fremu, picha, na mara nyingi misimbo ya kupima inayotumwa na mteja au wakala wake. Kuna matangazo ya mnada ambayo mzigo wake unaizidi habari yenyewe aliyokuja kuisoma.

Mtu wa Mbagala anayetafuta nafasi ya kazi kwa bando la siku anaulipia mzigo huo wote yeye. Wewe huuoni kwa sababu ofisini una Wi-Fi. Fungua tovuti yako kwenye simu ya bei ya chini, kwa data ya mtandao wa simu, ukiwa ndani ya mwendokasi saa kumi na moja jioni, uone maandishi yanatokea saa ngapi na bango saa ngapi.

Umbali nao una sehemu yake. Seva kubwa za matangazo nyingi ziko nje, na kila jina jipya la seva ambalo ukurasa unaliita linaongeza safari ya kwenda na kurudi kabla ya data yenyewe kuanza kutiririka. Anwani tupu kwa kawaida inaita seva mbili, ya uamuzi na ya picha. JavaScript ya mnada inaweza kuita nyingi zaidi ya hapo. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya nchi ikadorora, kurasa zilizoita seva nyingi za nje ndizo zilizokuwa na vitu vingi zaidi vya kukwama. Revive iliyowekwa kwenye seva ya hapahapa, kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na Tanzania Internet Exchange, mahali mitandao ya nchini inapobadilishana data, haihitaji kuvuka bahari kumwonyesha msomaji wa Ubungo bango la duka la Kariakoo.

Kivinjari cha Opera Mini kinastahili kutajwa peke yake. Kikiwa kwenye hali ya kubana data kabisa, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, na JavaScript huendeshwa huko kwa muda mfupi tu. Matangazo yanayohitaji kuendelea kufanya kazi ndani ya simu huharibika. Picha ya kawaida yenye kiungo hutoka bila shida.

Ukichagua anwani tupu, usiache bango liwe na ukungu. Vioo vya simu za sasa vina nukta nyingi, kwa hiyo picha ya 320 kwa 50 ikionyeshwa kwa ukubwa huohuo maandishi yake hufifia. Tengeneza picha ya 640 kwa 100, acha `width` na `height` zikiwa 320 na 50, na ubane faili kwa uangalifu. Namba za simu za dukani zitasomeka.

Hesabu, na mahali zinapoharibikia

Kosa linaloua njia ya anwani tupu ni moja, na linatokea kimyakimya. Tovuti nyingi za WordPress zina programu-jalizi inayohifadhi nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka. Ukitengeneza namba ya `c` kwa PHP, nakala hiyo inahifadhiwa pamoja na namba yake. Kuanzia hapo wasomaji wote wa saa nzima wanatumia 48210577 ileile. Anayerudi kwenye ukurasa anaonyeshwa picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu yake, na seva haihesabu kitu. Miguso inaelekezwa kwa kubahatisha. Mteja anaona ripoti ina mionekano michache kuliko wasomaji uliomwahidi, na anadhani umemdanganya.

Dawa zipo tatu. Unaweza kuuondoa ukurasa kwenye uhifadhi, jambo ambalo ni ghali kwa tovuti yenye watu wengi. Unaweza kutumia mistari michache ya JavaScript yako mwenyewe inayotengeneza namba na kuandika anwani zote mbili. Bado ni nyepesi mno kuliko maktaba nzima, ingawa asiye na JavaScript hataona bango. Au seva yako mwenyewe ipokee ombi la `/tangazo/juu`, itengeneze namba mpya, iikumbuke kwa kidakuzi kifupi cha tovuti yako, kisha iielekeze simu kwa seva ya matangazo. Mguso nao unapitia kwako na kuchukua namba ileile. Mimi ningechagua hii ya tatu kwa yeyote mwenye fundi anayejua kazi, kwa sababu ukurasa unaendelea kuhifadhiwa na HTML inabaki safi.

Jambo la pili ni roboti. Kiungo cha `/jump` ni kiungo kama kingine, na roboti za injini za utafutaji hufuata viungo. Weka `rel="sponsored nofollow"` kwenye kila kiungo cha tangazo. Siyo kinga kamili, maana roboti wabaya hawasomi alama, na anwani tupu ni rahisi kughushi kuliko ombi la JavaScript: yeyote anaweza kuiita mara elfu. Kwa mteja anayelipa kwa mwezi hilo halina madhara makubwa. Kwa mteja anayelipa kwa kila mguso, ni hatari ya wazi, na hapo ningemshauri mtu asitumie anwani tupu kabisa.

Hata kila kitu kikiwa sawa, hesabu ya seva yako na ya mteja hazitalingana sawasawa. Mikataba mingi ya kimataifa inachukulia tofauti hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida. Liandike kwenye makubaliano mapema, hata kama makubaliano yenyewe ni ujumbe wa WhatsApp. Angalia pia saa za ripoti. Seva ikiwa imewekwa majira ya Marekani, siku ya tangazo itaanza na kuisha katikati ya siku yetu, na mteja aliyelipia sikukuu moja tu ataona nusu ya hesabu imeangukia siku nyingine.

Kuna jambo dogo linaloipa anwani tupu nguvu ambayo zamani ilikuwa ya JavaScript pekee. Tangu 2019 Chrome inaelewa `loading="lazy"` kwenye picha, na vivinjari vingine vikafuata. Ukiiweka kwenye bango la chini, picha haiombwi mpaka msomaji akaribie. Haifikii kipimo cha nusu ya eneo kwa sekunde moja, lakini inakuondolea mionekano ya uongo ya watu walioishia aya ya kwanza, na inawaokolea MB.

Kulenga watu, na kuheshimu taarifa zao

Wateja wa hapa hupenda kuuliza: "Naweza kuwapata watu wa Temeke tu?" Kwa anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye intaneti, jibu la kweli ni hapana, hata ukitumia mitambo ghali. Mitandao ya simu hupitisha wateja wengi kwenye anwani chache za IP, na mtu wa Mwanza anaweza kusomeka yuko Dar. Unachoweza kuuza kwa uhakika ni maudhui. Ukurasa unaoorodhesha nyumba za kupanga Temeke unajulikana ni wa Temeke, na unaliingiza hilo kwenye anwani:

`&t=eneo%3Dtemeke%26somo%3Dnyumba`

Hizo `%3D` na `%26` ni alama za `=` na `&` zilizofichwa. Ukizisahau na kuandika `t=eneo=temeke&somo=nyumba`, seva itadhani `somo` ni kipengele kingine cha anwani, na tangazo la somo hilo halitatoka kamwe. JavaScript inakufichia usumbufu huu, kwani unaandika jina na thamani, yenyewe inapanga. Kwa anwani tupu unapanga mwenyewe, kwa hiyo jaribu kila moja kwenye kivinjari kabla ya kuiweka hewani.

Kuhusu taarifa za watu, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaisimamia. Anwani tupu inapeleka kidogo: IP, aina ya kivinjari, tovuti aliyopo msomaji, na kidakuzi kama kinaruhusiwa. JavaScript ya watu wengine inaendeshwa ndani ya ukurasa wako na inaweza kuchukua zaidi, nawe ndiye uliyeikaribisha. Hata hivyo anwani ina hatari yake: kila kilichomo hubaki kwenye kumbukumbu za seva kinakopita. Usiweke namba ya simu ya msomaji, jina wala barua pepe ndani ya `t`, hata mteja akikuomba kwa upole kiasi gani.

Na kama unatumia Revive, isasishe. Mwaka 2020 wahalifu walivamia seva kadhaa za Revive na kupenyeza matangazo yenye msimbo mbaya kwa wasomaji wasio na hatia. Kumiliki seva kunakuja na kazi ya ulinzi. Kama huna mtu wa kazi hiyo, anwani tupu za Google Ad Manager ni salama zaidi kwako, ingawa utahitaji kuwa na akaunti ya AdSense kwanza ili ujisajili.

Kwenye aplikesheni

Hapa naegemea upande wa SDK kwa wengi. Aplikesheni inayoishi kwa matangazo ya mnada, kama michezo, haina njia nyingine ya maana. SDK inajua ukubwa wa kioo, inabadilisha bango yenyewe kila baada ya muda, inaleta video na matangazo ya zawadi. Gharama yake ni faili kubwa zaidi la kupakua na masasisho yasiyoisha.

Ila aplikesheni ya huduma moja, tuseme ratiba za boti au bei za mazao sokoni, yenye mdhamini mmoja au wawili wa kudumu, inaweza kuomba picha kwa anwani na kufungua kiungo msomaji akigusa. Ni kazi fupi kwa fundi. Faida yake nyingine ni kwamba unabadilisha mdhamini upande wa seva bila kutoa toleo jipya, na watu wengi hawasasishi aplikesheni zao kwa kuogopa kumaliza bando.

Aplikesheni ikizungumza na seva yako, nawe ukaamua seva yako ndiyo iombe tangazo kwa niaba ya simu, kuwa makini. Seva ya matangazo itaona IP na kivinjari cha seva yako, na wasomaji wako wote wataonekana ni mashine moja inayoomba bila kuchoka. Wengine watakuchukulia kama mwizi wa mionekano. Fanya hivyo pale tu seva ya matangazo inapokubali kupokea taarifa za simu halisi kupitia vichwa vya ombi (headers) kama `X-Forwarded-For`. La sivyo, acha simu iombe yenyewe.

Kwenye majarida ya barua pepe

Hapa hakuna ushindani. Programu za barua pepe haziendeshi JavaScript, kwa hiyo anwani tupu inabaki peke yake. Namba ya `c` itengenezwe na mfumo unaotuma barua, tofauti kwa kila mpokeaji. Lakini usimwahidi mteja mambo makubwa. Gmail hupitisha picha kwenye seva za Google tangu Desemba 2013, hivyo mahali alipo msomaji hapajulikani. Apple nayo tangu 2021 hupakua picha za barua kabla mtu hajazifungua, kwa waliokubali ulinzi huo, hivyo idadi ya mionekano inavimba. Uza kwa idadi ya wanaopokea jarida, uhesabu miguso, na uisome kwa tahadhari kwa sababu mifumo ya usalama ya maofisini hufuata viungo yenyewe kabla barua haijamfikia mtu.

Ningechagua nini

Kwa tovuti ya mjini yenye wateja wa moja kwa moja na wasomaji wa simu za kawaida: anwani tupu, kwa Revive ya hapa nyumbani kama una fundi, au kwa Ad Manager kama huna. Kwa anayetegemea mnada: JavaScript, huku akipunguza idadi ya nafasi kwenye ukurasa. Kwa mchezo wa simu: SDK.

Wapo walio katikati, wenye wateja wao watano na nafasi zinazobaki tupu wanazotaka kuziuza mnadani. Hao waweke JavaScript kwenye nafasi za mnada, na nafasi ya juu kabisa, ile ya mteja anayelipa vizuri, waiache kwa anwani tupu ili itoke hata mtandao ukiwa dhaifu. Kila njia ipewe jina lake kwenye `iu`, mfano `/ajira/juu-picha` na `/ajira/kati-mnada`, ili ripoti zisichanganyike. Acheni ziende pamoja mwezi mzima, pamoja na siku za mwisho wa mwezi ambapo watu wana bando, kisha mpange bei za nafasi kwa hesabu hizo.